Barua ya wazi kwa wanaotunza kumbukumbu za matetemeko: programu iko huru, takwimu ziko kabatini

Kwa Waheshimiwa wakuu wa ofisi zinazotunza kumbukumbu za matetemeko ya ardhi, za majengo na za maafa,
Tanzania.

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA KUMBUKUMBU ZINAZOHITAJIKA KUKADIRIA ATHARI ZA MATETEMEKO YA ARDHI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, hii ni barua yangu ya tano. Nne zilizotangulia zilipita masjala, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo. Majibu niliyopata ni mawili. La kwanza lilisema ombi langu "linafanyiwa kazi". La pili lilinielekeza ofisi nyingine, na ofisi hiyo ikanirudisha nilikotoka. Sitazitaja kwa majina kwa kuwa sikuja kumuumbua mtu. Mwenye mhuri anaujua mhuri wake.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, mzaliwa wa Hamugembe, Bukoba. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, mama alikuwa uani anamenya ndizi za jioni. Ardhi ilipotikisika, ukuta wa chumba chake uliangukia kitanda. Angekuwa amejipumzisha, kama ilivyo desturi yake saa hizo, leo ningekuwa naandika barua ya namna nyingine. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake kama kilomita 40 kaskazini-magharibi ya mji, upande wa Missenyi. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikapasuka au kuanguka. Shule za Ihungo na Nyakato zikawa magofu kwa sekunde chache.

Siku kadhaa baadaye walikuja vijana wawili wenye fomu. Waliandika aina ya ukuta: tofali za kuchoma. Aina ya paa: bati. Wakaandika ni ukuta upi ulianguka na upi ulibaki na ufa, wakapiga picha, wakampa mama kipande chenye namba, wakaenda nyumba ya jirani. Niliwatazama mpaka wakapinda kona. Wakati huo niliona ni karatasi ya kugawia mabati na saruji. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba vijana wale walikuwa wanakusanya moja ya kumbukumbu za thamani kubwa kuliko zote zilizowahi kukusanywa nchini kuhusu namna nyumba zetu zinavyovunjika.

Naomba niwaeleze tunachojenga, maana katika barua zile nne nilitumia lugha ya kitaalamu mno na huenda ndiyo sababu zilikwama.

Tuko watano: mhandisi wa ujenzi, mwalimu wa jiografia, wanafunzi wawili wa chuo na mimi. Hatuna mfadhili. Tunajenga programu ya kukadiria athari za tetemeko ambayo mhandisi wa halmashauri au diwani anaweza kuifungua kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, akachagua kata yake, akauliza: tetemeko la ukubwa fulani likitokea mahali fulani, nyumba ngapi zitaanguka, za aina gani, na zahanati ipi itabaki imesimama? Hatukuanza sifuri. Tumejenga juu ya OpenQuake, mtambo wa kukokotoa uliotengenezwa na taasisi ya GEM (Global Earthquake Model), iliyoanzishwa mwaka 2009 na yenye makao yake Pavia, Italia. Umeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na msimbo wake wote uko wazi kwa leseni ya AGPL. Maana yake kila mstari unasomeka, unabadilishwa, unakosolewa, na hakuna anayekudai hata senti. Ramani ya chini tunaichota OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na kazi ya kuichora tunafanyia QGIS, programu ya ramani. Vyote huria.

Zamani kidogo hili lisingewezekana. Programu za namna hii zilikuwa mali ya kampuni zinazouzia mashirika ya bima, na ndani yake hukuruhusiwa kuchungulia. Hata Hazus, programu ya aina hiyo ya serikali ya Marekani, inayotolewa bure, kwa miaka mingi ilihitaji programu ya ramani ya kulipia, na imeshonwa kwa vipimo vya nyumba za Kimarekani. Nyumba ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa tope haimo.

Kazi nyingine imekuwa ya maneno. Tulibishana wiki nzima juu ya neno la kuandika kwenye kitufe kinachoonyesha jinsi nyumba ilivyo nyepesi kuvunjika. Mwalimu wa jiografia alitaka "uhatarishi". Fundi mmoja wa Kashai tuliyemwonyesha akasema, "Andikeni udhaifu, kila mtu anajua udhaifu wa ukuta." Tukaandika udhaifu.

Hesabu yenyewe ina miguu mitatu: ardhi itatikisika kiasi gani, kuna nini juu yake, na hicho kilichopo kina udhaifu gani. Mtambo tunao. Miguu yote mitatu iko kwenye makabati yenu, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

1. Fomu za tathmini za Kagera za mwaka 2016

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na mkinijalia hili peke yake nitawashukuru.

Kila programu ya aina hii hutumia jedwali linalosema: mtikisiko ukifika kiasi hiki, katika nyumba 100 za aina hii, kadhaa zitapata nyufa na kadhaa zitaanguka. Jedwali hilo haliotwi. Hutengenezwa kwa kuhesabu nyumba halisi baada ya tetemeko halisi. Wataliano wanayo ya nyumba zao za mawe, Wanepali wanayo ya nyumba zao za matofali na udongo. Sisi tunaazima. Nyumba ya mama pale Hamugembe imo kwenye programu yetu kwa sura ya nyumba ya nchi nyingine, yenye tofali la kipimo kingine, fundi mwingine na mchanga mwingine.

Tulijaribu kulirudia tetemeko la 2016 ndani ya kompyuta. Kwa jedwali moja la kuazima nyumba nyingi za Bukoba zilianguka. Kwa jedwali jingine nyingi zilibaki zimesimama. Mtikisiko ni uleule na nyumba ni zilezile. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba huwezi kumpelekea diwani ukamwangalia usoni. Kuna njia moja tu ya kujua lipi linakaribia ukweli, nayo ni kulipima na yale vijana waliyoyaandika nyumba kwa nyumba. Tunahitaji pia nyumba zilizobaki nzima zihesabiwe, kwani ukihesabu zilizoanguka tu utadhani kila nyumba huanguka.

Ofisi moja iliniambia fomu hizo "zilishatimiza kazi yake". Nyingine ilisema ziko kwenye maboksi na boksi zingine zililowa. Sijui ipi ni kweli. Karatasi iliyolowa haikaushwi kwa barua ya maombi, kwa hiyo nawaomba, hata kabla ya kuamua kama mtanipa au la, mtu azitoe kwenye maboksi na kuzipiga picha.

2. Kumbukumbu za vituo vya mitetemo

Matetemeko makubwa yetu dunia nzima inayajua, sababu vituo vya mbali huyanasa. Tarehe 13 Desemba 1910, zama za Mjerumani, Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika katika karne ile. Nyumba zilikuwa chache na nyepesi. Tarehe 5 Desemba 2005 likaja la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika. Agosti 2020 watu wa Dar es Salaam walishuka ngazi mbio kwa tetemeko la karibu 6 lililotokea baharini. Ng'ambo ya mipaka orodha inaendelea: Subukia nchini Kenya mwaka 1928, Toro nchini Uganda mwaka 1966, Bukavu nchini Kongo na Rusizi nchini Rwanda Februari 2008, Karonga nchini Malawi Desemba 2009. Kwa jirani zetu Waganda "Musisi" ni jina la mtu, na maana yake ni tetemeko. Hakuna anayempa mtoto jina la kitu kisichowahi kumfika.

Tunachokosa ni madogo. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba kwa kila tetemeko moja la ukubwa wa 6 huwapo kama 10 ya ukubwa wa 5 na kama 100 ya ukubwa wa 4. Hayo madogo hayaui mtu, mengi hata hayasikiki, lakini ndiyo yanayochora mahali mipasuko ya ardhini ilipo na kasi ambayo nguvu inajikusanya humo. Vituo vya Ulaya na Marekani huyakosa mengi. Vya kwenu huyanasa. Ramani ya dunia ya hatari ya matetemeko iliyotolewa na GEM Desemba 2018 inaionyesha Tanzania pia, na waliochora wamefanya kazi nzuri, ila wamechora kwa walichokipata.

Kuna na jambo la pili ndani ya hili. Milinganyo inayokadiria jinsi mtikisiko unavyofifia kadiri unavyoenda mbali na kitovu tumeiazima nayo, mingi ikitokana na California, Ulaya na Japani. Rekodi zenu za mawimbi ya matetemeko zingetuonyesha upi unafanana na miamba yetu.

3. Sensa ya majengo

Agosti 2022 nchi hii ilifanya jambo la kujivunia: pamoja na watu, ilihesabu majengo, kwa mara ya kwanza. Yalipatikana zaidi ya milioni 14. Nilimpokea karani wa sensa nyumbani kwangu, nikamjibu kila alichouliza, kichwani nikiwaza kwamba sasa mguu wa pili wa hesabu yetu umepatikana.

Tunachoomba ni jedwali la kila kata linalounganisha ukuta, paa na idadi ya ghorofa. Kuambiwa kata ina nyumba kadhaa za tofali za kuchoma, na mahali pengine kwamba ina nyumba kadhaa za bati, hakutusaidii, kwa sababu paa zito juu ya ukuta dhaifu ni kitu kimoja na bati juu ya ukuta uleule ni kitu kingine kabisa. Wagogo na tembe zao zenye paa la udongo pale Dodoma wananielewa. Morocco, Septemba 2023, karibu watu 3,000 walikufa katika tetemeko la 6.8, wengi wakiwa vijijini milimani ambako kuta ni za udongo na mawe.

4. Visima

Udongo laini hukuza mtikisiko kuliko mwamba. Mji wa Mexico uliuona mwaka 1985, kitovu kikiwa mamia ya kilomita mbali, kwa kuwa sehemu ya mji ilijengwa juu ya ziwa la kale. Kisima cha maji kikichimbwa kitaalamu huandikiwa kumbukumbu ya tabaka lililokutwa kwa kila kina. Tupeni hizo. Kwa sasa tunakisia ugumu wa ardhi kwa kutazama mteremko wa kilima kwenye picha za setilaiti.

5. Namna mnavyotoa mnapotoa

Mara moja tu nilipewa kitu. Kilikuwa PDF ya karatasi zilizopigwa picha, jedwali limekaa ubavu, na ukurasa wa nne ulikuwa na kivuli cha kidole cha mtu. Wanafunzi wetu wawili walikaa siku nne wakinakili namba kwa mkono. Baadaye tuligundua kwamba waraka huohuo ulichapwa kwa Excel kabla ya kutolewa nakala. Naacha hapo.

Waheshimiwa, najua mtakayonijibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa kwa mdomo kwenye korido.

Mtasema ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana. Sheria hiyo naiheshimu na naishukuru. Sihitaji jina la mwenye nyumba, wala simu yake, wala idadi ya watoto wake. Futeni vyote. Hata mahali halisi pa nyumba pasogezeni mpaka pawe kiboksi cha kilomita moja kwa kilomita moja. Ukuta hauna siri.

Mtasema tutazua taharuki. Hili nalichukua kwa uzito, maana nimeona jumbe za simu zinazotangaza saa na siku ya tetemeko, na watu wakalala nje. Programu yetu haitabiri siku wala saa, na hakuna programu duniani inayoweza. Inasema, kwa mfano, kwamba mahali fulani pana uwezekano wa asilimia 10 wa kupata mtikisiko wa kiwango fulani ndani ya miaka 50. Kwa taharuki, tazameni L'Aquila, Italia. Aprili 6, mwaka 2009, watu 309 walikufa huko, siku chache tu baada ya kutulizwa kwamba hakuna la kuogopa. Wataalamu sita na afisa mmoja walishtakiwa na kuhukumiwa, na ingawa wale sita waliachiwa kwenye rufaa mwaka 2014, kilichowapeleka kizimbani ni utulizaji. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuwapa watu ramani.

Mtasema sisi si wanajiolojia. Ni kweli, na ndiyo maana msimbo wetu uko wazi. Wataalamu wenu waufungue, waukosoe, wautupe kama haufai na waandike ulio bora. Tutafurahi kuwa mashabiki.

Mtasema kuna mradi wa wafadhili unakuja utakaofanya haya yote. Miradi nimeiona. Huja na jopo, huacha ripoti yenye jalada zuri, na mkataba ukiisha anwani ya mtandao nayo huzimika. Kilicho huria hubaki. Dar es Salaam inao ushahidi: Ramani Huria, tangu mwaka 2015, iliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu mitaani kuchora mitaro, njia na nyumba kwa ajili ya mafuriko, na walichokichora kiko OpenStreetMap mpaka leo, nasi tunakitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Zanzibar, kamisheni ya ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walipiga picha za visiwa kwa ndege zisizo na rubani na kuziweka wazi. Nepal, vijana wa Kathmandu walikuwa wameshaanza kuchora mji wao kabla ya tetemeko la Aprili 25, mwaka 2015. Lilipokuja, waokoaji walikuta ramani tayari.

Na kwa wale watakaosema Tanzania si nchi ya matetemeko: Bonde la Ufa limepewa jina lake kwa kazi linayoifanya.

Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, urefu wa kilomita 1,443, linaingia nchini kwa kupitia Missenyi hiyohiyo. Sina shaka miradi mikubwa ya namna hiyo ina wahandisi wake wa kuipigia hesabu. Fundi anayejenga nyumba ya vyumba vitatu Kashai hana. Akishaonyeshwa kwamba mkanda wa zege juu ya ukuta, wenye nondo zilizounganishwa pembeni, unapunguza nyumba zinazoanguka katika kata yake kutoka idadi hii hadi ile, ataweza kumwambia mteja kwa nini asiukate ili kuokoa mifuko michache ya saruji. Ndiyo sababu nataka namba ziwe za kata yake hasa, na si za nchi ya watu.

Kwa hiyo tunaomba haya.

Ndani ya siku 30, fomu zote za tathmini ya Kagera ya 2016 zipigwe picha, zikiwemo zilizolowa. Tuko tayari kuja wenyewe na skana zetu, kukaa chumba mtakachotupa, chini ya usimamizi wenu, bila posho.

Ndani ya siku 60, orodha ya matetemeko yote yaliyonaswa na vituo vya nchini, kwa tarehe, saa, mahali, kina na ukubwa, itolewe kama faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye kompyuta yoyote), na rekodi za mawimbi zifuate kwa utaratibu mtakaoupanga. Vivyo hivyo jedwali la majengo kwa kata na kumbukumbu za visima.

Kila kinachotolewa kiambatane na barua ya ukurasa mmoja inayoruhusu mtu yeyote kukitumia na kukisambaza kwa sharti la kutaja chanzo. Bila karatasi hiyo, atakayekuja baada yenu anaweza kufunga tena kabati.

Na ateuliwe mtu mmoja, mwenye jina na simu ya ofisi, wa kujibu maswali. Kama jibu ni hapana, basi liwe hapana ya maandishi, yenye kifungu cha sheria. Hilo nalo tutalipokea kwa heshima na tutajua pa kwenda.

Kwa upande wetu, matokeo yote tutawaletea ninyi kwanza, wiki mbili kabla ya kuyatoa hadharani, mkosoe mnachoona kimekosewa. Makosa yetu tutayaandika palepale penye matokeo.

Mama bado anakitunza kile kipande chenye namba, kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Nimekipiga picha na kuingiza nyumba yake kwenye programu: tofali za kuchoma, tope, bati, ukuta mmoja chini, kuta tatu na nyufa. Hiyo ni nyumba moja. Zilizobaki mnazo ninyi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa programu, mzaliwa wa Hamugembe,
kwa niaba ya wenzangu wanne.

Nakala: Wenyeviti wa mitaa, Manispaa ya Bukoba.